Salamu, Tunzo na Timu: Mashabiki wa Muziki Pembezoni mwa Dar es Salaam, kutoka Enzi ya Redio hadi Mtandaoni

Utangulizi

Historia ya muziki wa Dar es Salaam imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutoka upande wa jukwaa. Ranger (1975) alifuatilia vyama vya beni, Askew (2002) akachunguza taarabu na dola, na Perullo (2011) akaeleza uchumi wa studio, redio na wasambazaji. Kazi hizo ni msingi usioepukika. Hata hivyo, msikilizaji huonekana ndani yake akiwa umati tu: anajaza ukumbi, ananunua kaseti, anapiga makofi. Tafiti za hivi karibuni kuhusu muziki mtandaoni nazo zimeleta kasoro nyingine. Zinamtazama shabiki kana kwamba alizaliwa siku aliyopata simu yenye intaneti, na kwamba kabla ya hapo alikuwa bubu.

Insha hii inapinga mtazamo huo. Hoja yake ni kwamba yale yanayofanywa na mashabiki katika WhatsApp, Instagram na YouTube, yaani kumtumia mtu wimbo ili wimbo useme badala yake, kujigawa katika kambi mbili zinazotaniana, na kubishana juu ya maana ya fumbo, yalikuwa na umbo kamili kabla ya kuwapo kwa simu ya mkononi. Kilichobadilika ni jambo jingine, nalo si dogo: nani anasimama mlangoni kati ya shabiki na wimbo, na nani anaadhibiwa wimbo unapovuka mlango huo.

Segerea imechaguliwa kuwa kituo cha kutazamia historia hii kwa sababu iko mbali na majukwaa. Ni kata ya Ilala, mbele ya Tabata ukitokea katikati ya jiji, jirani na Kinyerezi. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wamelijua jina lake kwanza kwa sababu ya gereza la mahabusu, na Wakatoliki wamelijua pia kwa sababu ya Seminari Kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga. Kumbi mashuhuri za dansi hazikuwa huko. Zilikuwa DDC Kariakoo, Amana pale Ilala, Vijana pale Kinondoni, na kumbi za Magomeni, Ubungo na Chang'ombe. Mkazi wa pembezoni aliyetaka kusikia bendi moja kwa moja alihitaji nauli ya kwenda, kiingilio, na namna ya kurudi usiku wa manane, jambo la tatu likiwa gumu kuliko yote. Kwa hiyo uhusiano wake na muziki ulipitia chombo fulani siku zote: redio, kaseti, spika ya daladala, na hatimaye simu. Historia ya shabiki wa Segerea ni historia ya vyombo hivyo.

Kambi mbili

Tabia ya mashabiki kujigawa pande mbili ni kongwe katika miji ya pwani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, ngoma na nyimbo za kejeli, na mtu alijulikana kwa chama chake kabla ya kujulikana kwa kazi yake. Katika taarabu ya Dar es Salaam ushindani ulikuwa kati ya Egyptian Musical Club na Al-Watan. Mpira ulifuata mkondo huohuo kupitia Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na klabu ya Sunderland, ambayo leo ni Simba.

Katika dansi, kambi iliyodumu kuliko zote ni ya Msondo na Sikinde. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama hicho kilipobadilika: Juwata, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 ikiwa na wanamuziki waliowahi kupitia bendi nyingine kubwa, Juwata ikiwamo, na mtindo wake wa Sikinde ukawa jina la ushabiki. Mpenzi wa Msondo aliweza kuzisikiliza nyimbo za Sikinde, hata kuzipenda kimoyomoyo, lakini hakuweza kusema hadharani kuwa ni bora. Mwanamuziki alipohama upande, mashabiki walijadili uhamisho huo kwa uchungu uleule wa mchezaji kuvuka kutoka Jangwani kwenda Msimbazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 taarabu ilipata jozi kali zaidi. Tanzania One Theatre, kikundi cha chama tawala kilichoongozwa na Kapteni John Komba, kilikuwa na Khadija Kopa, naye Nasma Khamis, maarufu kwa jina la Kidogo, alikuwa Muungano Cultural Troupe. Nyimbo za mipasho zilijibizana, na mashabiki walihudhuria ili kusikia jibu. Hapa ndipo ilipo nukta ambayo Askew ameieleza kwa kina na ambayo ni msingi wa hoja ya insha hii: kutunza. Mwanamke anayeinuka kutoka kitini, akacheza taratibu hadi jukwaani na kumpa mwimbaji noti katika ubeti fulani, hatoi sifa kwa sauti nzuri peke yake. Anauchukua ubeti huo na kuufanya kauli yake. Akimtazama mtu wakati anatunza, ukumbi mzima unaelewa nani amesemwa. Mwimbaji hana lawama, mtunzi hana lawama, na mtunzaji naye anaweza kukana, kwani aliupenda tu wimbo. Maneno ya mwingine yamebeba ugomvi wake, kama vile kanga inavyobeba jina lake.

Salamu

Ikiwa kutunza kulihitaji ukumbi, salamu zilihitaji redio tu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawekwa moja kwa moja chini ya serikali kama Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Kuanzia hapo hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua njia kwa vituo binafsi, RTD ilikuwa kituo pekee cha redio Tanzania Bara. Ilikuwa pia studio kuu ya bendi. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilizotaka santuri zilikwenda Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikawa ngumu. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilizopendwa katika miaka hiyo hazikuwa bidhaa ya kununuliwa dukani. Zilikuwa kwenye utepe ndani ya jengo la Barabara ya Pugu, na mlango wa kuzifikia ulikuwa mtangazaji.

Vipindi vya salamu na maombi ya nyimbo vinapaswa kusomwa katika hali hiyo. Vilifuata kanuni isiyobadilika. Mtumaji aliandika jina lake, mahali alipo, orodha ya anaowasalimu, wimbo aliouchagua, na mwisho ujumbe. Orodha ilikuwa ramani ya maisha ya mtu: ndugu waliobaki kijijini, rafiki wa jeshini, mgonjwa aliyelazwa, jirani aliyehama. Kipindi cha "Ugua Pole" kilikuwa na kazi maalumu ya kuwafikia walio hospitalini. Ujumbe wa mwisho ulikuwa mfupi, mara nyingi methali au onyo, na mara nyingi ndiyo sehemu iliyosikilizwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu mtu aliyesalimiwa alijua onyo lile ni la nani.

Watafiti wamevipuuza vipindi hivi kwa kuviona vya kujaza muda. Huo ni upungufu. Salamu ziliwapa watu wasio na simu, wasio na gazeti na wasio na nafasi ya kupanda jukwaani njia ya kusikika nchi nzima kwa gharama ya kadi. Watumaji wa kudumu walijipa majina ya utani yaliyojulikana kuliko ya baadhi ya wanamuziki, wakatambuana kwa majina hayo bila kuonana, kisha wakaanza kutafutana, kuunda vilabu, kuchangiana misiba na harusi. Ni vigumu kupata maelezo mafupi ya kinachoitwa leo jamii ya mtandaoni yanayozidi hayo, nayo yalitokea kwa bahasha na stempu. Vifaa navyo vilikuwapo: kiwanda cha Matsushita jijini Dar es Salaam kilitengeneza redio na betri za National, na redio ya betri haikusubiri nguzo ya umeme ifike Segerea.

Lakini mlango ulikuwa na mlinzi. Nyimbo zilipitiwa kabla ya kurushwa, na bendi zilijifunza kuficha. Mabishano ya mashabiki juu ya maana ya wimbo, ambayo wageni huyaona kama mapenzi ya mafumbo kwa ajili ya mafumbo, yalikuwa pia matokeo ya ukaguzi huo: wimbo wa mume anayenyanyasa mke ungeweza kuwa wimbo wa mwajiri, au wa mkubwa zaidi ya mwajiri. Serikali nayo ilijua kwamba kupenda muziki si jambo la faragha. Novemba 1969, muziki wa soul ulipopigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam, vijana na wazee walijibizana magazetini. Swali halikuwa kama muziki ule ni mzuri. Lilikuwa nani ana haki ya kumwambia kijana wa mjini apende nini.

Kaseti na daladala

Kaseti ilitoboa ukuta huo kimyakimya. Mwenye redio-kaseti alirekodi kipindi, akamwazima jirani, na vibanda vya kunakili vikaongezeka. Usafiri wa abiria wa watu binafsi uliporuhusiwa mwaka 1983, daladala ikawa chombo cha muziki kwa haki yake. Abiria wa kutoka Segerea kupitia Tabata na Buguruni hakuchagua wimbo. Aliuchaguliwa na dereva, akaubishia au akauitikia, na alipofika Kariakoo alijua kinachopendwa wiki ile. Radio One ilipoanza mwaka 1994, na vituo vya FM vilipofuata, rapu ya Kiswahili na baadaye Bongo Fleva zilipata mlango ambao RTD isingezifungulia upesi. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliufanya unakili wa mitaani kuwa kosa lililo wazi. Kwa upande wa mashabiki haikubadili kitu.

"Nirushie"

Mtandao haukuanzia Segerea. Wasomaji wa mwanzo wa kurasa za Kitanzania walikuwa wenye kompyuta maofisini na Watanzania walioko ughaibuni, na blogu ya Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa gazeti la Daily News, iliyoanza mwaka 2005, iliwakutanisha hao na picha za nyumbani. Kabla mkongo wa SEACOM haujaanza kazi Julai 2009, intaneti ya nchi ilitegemea sana setilaiti, ikawa ghali na ya mwendo wa kobe. Kupakua wimbo mmoja kwenye mgahawa wa intaneti kulikuwa shughuli ya kupangia nauli.

Kwa sababu hiyo, hatua muhimu zaidi katika historia ya shabiki wa pembezoni haikuwa mtandao wenyewe bali simu yenye kadi ya kumbukumbu na bluetooth. Kijana aliingiza nyimbo kibandani kwa malipo madogo, kisha nyimbo hizo zikasafiri kutoka simu hadi simu bila shilingi ya ziada. Kitenzi kilichozaliwa, kurusha, kinastahili kuzingatiwa. "Nirushie" haimaanishi kuuza wala kuazima. Wimbo uliorushwa unabaki kwa mrushaji na kufika kwa mrushiwa, na ukarimu haumpunguzii mtu kitu. Ni uchumi ambao msanii hakuwamo. Wakati nyimbo zake zinapigwa katika kila kibanda kati ya Tabata na Kinyerezi, mapato yake yalitegemea matamasha na miito ya simu, na katika miito hiyo malalamiko ya wasanii kuhusu mgawo wao yalikuwa ya kudumu. Majukwaa ya kupakua kihalali kama Mkito yalijaribu kuwarudisha wasanii kwenye hesabu. Yalikuwa yanashindana na desturi, na desturi ilikuwa bure.

WhatsApp iliikuta desturi hiyo, ikaipa umbali. Kundi la ukoo, la darasa la zamani au la wapangaji wa nyumba moja hufanya kazi ya kipindi cha salamu: wimbo hutumwa na majina ya walengwa, na ujumbe huwekwa mwishoni. Statasi, iliyoingizwa katika programu hiyo mwaka 2017, ni kutunza kulikohamia kiganjani. Kipande cha taarabu chenye ubeti mmoja huwekwa asubuhi bila maelezo. Watu mia wanakiona na mmoja anajua ni chake. Akiuliza, atajibiwa kwamba ni wimbo tu. Wanawake waliolelewa katika sanaa ya mipasho hawakuhitaji kufundishwa matumizi ya chombo hiki, na si ajabu kwamba wanakitumia kwa ustadi unaowapita vijana waliosomea kompyuta.

Kwaya zinahitaji kutajwa, kwani tafiti za mtandao huzisahau. Kwa wanakwaya, wimbo unaopendwa husambazwa kwanza kama nota. Tovuti ya Swahili Music Notes imekusanya nota za nyimbo za kanisa za watunzi wa Kiswahili, na mwalimu wa kwaya ya parokia ya pembezoni anaweza kupakua leo kile ambacho zamani alikinakili kwa mkono kutoka kwa mwenzake. Mjadala wa wanakwaya juu ya wimbo mpya, kama unafaa liturujia au unafaa harusi tu, ni ushabiki kamili.

Timu

Kuanzia takriban mwaka 2014, Diamond Platnumz alipokuwa amevuka mipaka kwa toleo la "Number One" alilomshirikisha Davido, na Ali Kiba aliporejea na "Mwana", jozi ya zamani ilipata majina mapya: Timu Diamond na Timu Kiba. Uwanja ulikuwa Instagram. Umbo lilikuwa lilelile la Msondo na Sikinde, na vyombo vya habari vililichochea kama vilivyowahi kulichochea la Kopa na Nasma. Tofauti iliyojitokeza ni hesabu. Mshabiki wa Sikinde alidai bendi yake ni bora na hakuwa na namba ya kuthibitisha. Shabiki wa timu anayo namba ya YouTube, inayobadilika kila saa, na kutazama kwenyewe kumekuwa kazi ya kambi: mtu anaufungulia wimbo asiousikiliza ili idadi ipande. Ubishi juu ya tungo umepungua uzito, na ubishi juu ya takwimu umeongezeka. Neno kiki, kwa maana ya tukio linalotengenezwa ili jina lizungumzwe, lilienea katika mazingira hayo, na mashabiki wenyewe ndio waliokuwa wepesi kulitumia. Walijua wanachezewa, na waliendelea kucheza.

Uanachama wa timu umekuwa pia wa kisiasa kwa namna ambayo wasimamizi wa wasanii hawakuitarajia. Mwaka 2021 Diamond alipoteuliwa kuwania tuzo ya BET, baadhi ya Watanzania walikusanya saini mtandaoni wakitaka aondolewe kwa sababu ya kuiunga mkono serikali ya awamu ya tano, huku wengine wakiwaona wanaosaini kuwa wasaliti wa bendera. Tuzo ilikwenda kwa Burna Boy. Mjadala ulionyesha kwamba kwa sehemu ya mashabiki, kumpigia msanii kura au kumnyima kulikuwa njia iliyobaki ya kusema jambo ambalo mahali pengine lisingesemwa kwa usalama.

Mlinzi mpya

Usalama huo ndio kiini cha mabadiliko. Katika enzi ya RTD wimbo uliokataliwa haukumfikia shabiki, hivyo shabiki hakuwa na kosa. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaufungia. Wimbo ulikuwa umekwisha kuenea katika simu. Siku moja baada ya kukamatwa, Waziri Harrison Mwakyembe alitangaza kwamba Rais Magufuli ameelekeza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Wapo waliosoma tukio hilo kama ushindi wa mashabiki. Usomaji wa tahadhari unaonyesha kitu kingine: wimbo ulifunguliwa kwa hiari ya mtu mmoja, si kwa kanuni, na hiari hiyo haikurudi. Februari 2018 zaidi ya nyimbo kumi ziliwekwa katika orodha ya zisizoruhusiwa kurushwa. Mwezi uliofuata zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizowataka wenye blogu na majukwaa kujisajili na kulipa ada ambayo kwa mwaka wa kwanza ilizidi shilingi milioni 2. Juni mwaka huo JamiiForums ilisimama kwa muda. Desemba 2018 BASATA iliwafungia Diamond na Rayvanny baada ya kuuimba jukwaani wimbo "Mwanza", uliokuwa umepigwa marufuku.

Kwa mtu wa Segerea aliyekuwa na blogu ndogo ya nyimbo mpya, ada hiyo ilikuwa na maana kuliko orodha ya nyimbo. Msanii mkubwa aliweza kulipa faini. Blogu ndogo ilifungwa na mwenyewe, bila amri, na maoni ya wasomaji wake yakaondoka nayo. Mazungumzo yalihamia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako hayasomwi na mlinzi wala na mtafiti.

Hali hiyo inaleta ugumu wa kiuthibati ambao historia ya muziki italazimika kuukabili mapema. Utepe wa RTD upo mikononi mwa TBC, na haja ya kuuhamishia katika mfumo wa kidijitali imezungumzwa kwa miaka mingi, kwa sababu nyimbo zinatambulika kuwa urithi. Kadi ya salamu haikuingia katika hesabu hiyo, ingawa ndiyo iliyoonyesha nani aliutaka wimbo upi, kwa ajili ya nani, na akiwa wapi. Makundi ya simu yako katika nafasi ileile. Yana sauti, tarehe na majina, yaani kila kitu ambacho mwanahistoria wa dansi angekitamani, lakini ni mali ya faragha ya watu walio hai, wengi wao wakiwa wamesemana humo kwa nyimbo wakiamini hakuna wa tatu anayesikia. Kuyakusanya bila ridhaa ni kosa, na kuyaacha ni kuyapoteza pale simu inapoibwa kwenye daladala au kadi yake ya kumbukumbu inapofutwa ili kupisha nyimbo nyingine.